Cheti cha kijani au BOQ ya kijani? Jibu kwa mhandisi wa halmashauri

Swali: Mimi ni mhandisi wa ujenzi katika halmashauri moja mkoani Dodoma. Tumepata fedha za awali za jengo la utawala la ghorofa moja, ofisi kama arobaini hivi. Mkurugenzi amerudi kutoka semina akitaka jengo "la kijani", tena lenye cheti. Kwenye kamati ya fedha madiwani wakasema hayo ni mambo ya Wazungu, yana gharama, na mkaguzi wa ndani akauliza itakuwaje tukipandisha gharama halafu ije hoja ya ukaguzi. Ramani tumeshapewa. Nianzie wapi? Na je, cheti ni lazima?

Jibu:

Ndugu mhandisi, pole na majukumu.

Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Cheti si lazima. Vyeti vinavyofahamika huku kwetu ni EDGE ya IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, LEED ya Wamarekani, na Green Star iliyoanzia Australia ikaja Afrika Kusini. Vyote ni vya hiari: unaomba, unalipa, unakaguliwa, unapewa. Kama mnajenga kwa mkopo na mkopeshaji ameandika sharti hilo kwenye mkataba, hapo hamna ujanja. Kama ni fedha za serikali kuu na mapato ya ndani, sikushauri uanzie huko. Fedha ya cheti nunulia gata na dari nzuri kwanza.

Hata hivyo usivitupe vyeti hivi, vina jambo la kukufundisha. EDGE inadai jengo liokoe angalau asilimia 20 kwenye mambo matatu, ukililinganisha na jengo la kawaida la mahali hapo: nishati, maji, na nishati au hewa ukaa ya kutengeneza vifaa vya ujenzi vyenyewe. Programu yake ya kukokotoa iko kwenye intaneti, na kuitumia ni bure. Unacholipia ni ukaguzi na cheti. Kaa nayo jioni mbili. Ingiza vipimo vya ramani yako, badilisha rangi ya bati, badilisha aina ya tofali, punguza madirisha ya magharibi, uone namba zinavyopanda na kushuka. Utatoka na karatasi ya kumwekea mkurugenzi mezani, na hujatumia shilingi ya mtu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa uzoefu wangu, hatima ya jengo la serikali huamuliwa mara mbili tu: siku mnapopiga vigingi, na siku mkadiriaji majenzi anapofunga BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei. Yanayofuata baada ya hapo ni kupaka rangi.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kukagua jengo la ofisi za umma, sitasema la wapi. Jengo zuri kwa macho, vioo vya bluu kuanzia chini hadi juu, na uso wake ukitazama barabara kuu. Barabara ilikuwa upande wa magharibi. Nilifika saa tisa alasiri. Kila dirisha la upande ule lilikuwa limebandikwa kitu kwa ndani: magazeti, maboksi yaliyokunjuliwa, na ofisi moja ilikuwa na kitenge kizuri kabisa kilichopigwa misumari juu ya fremu ya alumini. Taa zote zinawaka mchana kweupe kwa sababu mwanga umezibwa. Viyoyozi vinaunguruma. Katibu muhtasi mmoja aliniambia yeye huhamishia kiti chake kwenye korido kuanzia saa nane. Serikali ilinunua kioo cha bei ghali, ikanunua kiyoyozi cha kupambana na kioo, na watumishi wakanunua magazeti ya kuziba vyote viwili.

Tupige hesabu ndogo, na namba hizi ni za kukisia, weka zako. Kiyoyozi cha kawaida cha ofisi moja kinachovuta kama kilowati moja, kikiwashwa kwa muda wa saa nane na mashine yake kuzimika na kuwaka, kitakula karibu uniti 6 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi ni uniti 1,500 kwa mwaka. Kwa Sh 350 kwa uniti, ni Sh 525,000. Ofisi arobaini: Sh milioni 21 kila mwaka. Utakumbuka kwamba zile fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, zilizojenga madarasa 15,000 nchi nzima, zilipangwa Sh milioni 20 kwa darasa moja. Maana yake jengo lenu likihitaji kiyoyozi kila chumba, linameza darasa la bei ya wakati ule kila mwaka, na hapo hatujagusa gesi, fundi na vipuri. Wapelekee madiwani hesabu hiyo. Diwani asiyetaka kusikia neno "kijani" atasikia neno "darasa".

Shida ya kweli, na hii semina nyingi hazisemi, ni kwamba fedha hizo ziko kwenye mifuko miwili isiyosalimiana. Jengo linatoka kwenye bajeti ya maendeleo. Umeme, maji na matengenezo vinatoka kwenye matumizi mengineyo. Mhandisi akiongeza gharama kidogo ili bili ishuke kwa miaka thelathini, gharama anaiona yeye leo, nafuu ataiona mweka hazina ambaye pengine bado yuko chuoni. Ndiyo maana hatulaumu mtu, tunaandika. Tengeneza ukurasa mmoja wa gharama za maisha ya jengo: kujenga, umeme, maji na matengenezo kwa miaka 20, kwa chaguo mbili au tatu. Upitishe timu ya menejimenti, uingie kwenye kumbukumbu za kikao, ukae kwenye faili la mradi. Mkaguzi wa nje akija na hoja kwamba paa lenu lina gharama kuliko la jirani, jibu lina tarehe na sahihi. Mkaguzi wa ndani aliyekuuliza swali lile alikuuliza vizuri. Mpe nakala ya kwanza.

Turudi kwenye vigingi, maana hapa ndipo penye faida isiyolipiwa. Dodoma iko kama digrii 6 kusini mwa Ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri linakuwa limeegemea kaskazini kama digrii 30 kutoka utosini. Mwishoni mwa Desemba linaegemea kusini kama digrii 17 tu. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga. Paa likitokeza nje sentimita 90, kivuli cha adhuhuri ya Juni kitashuka ukutani karibu mita 1.6 upande wa kaskazini. Kusini hata usiumize kichwa. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na nusu jioni jua liko karibu digrii 30 juu ya upeo, linakuingia usoni, na kukinga dirisha la mita moja na nusu utahitaji kibaraza cha karibu mita mbili na nusu. Hakuna kamati itakayokupa kibaraza hicho.

Jengo lenu ni refu na jembamba, kama yalivyo mengi. Ule urefu ulale mashariki-magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Ncha mbili za mashariki na magharibi weka ngazi, vyoo, stoo, chumba cha majalada. Najua utaniambia nini: uso wa jengo lazima utazame barabara. Basi barabara ipewe mlango, ukumbi wa kupokelea wageni, bendera na kibao. Ofisi zenyewe hazina sababu ya kutazama magari.

Kuhusu paa nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa kwa jengo la ghorofa moja paa ndilo adui mkubwa kuliko kuta zote. Bati la rangi nzito juani hupita nyuzi joto 60. Chini yake kuna hewa iliyofungiwa, chini ya hewa kuna dari ya jipsamu, chini ya dari kuna ofisa ardhi anayejipepea na jalada. Chagua bati la rangi nyepesi, tena jeupe kabisa kama kamati itakubali. Acha matundu yenye wavu kwenye ukingo wa paa na kwenye mgongo wake ili hewa moto itoke juu na mpya iingie chini. Juu ya dari laza tabaka la kuzuia joto. Ukitaka kuona jambo hili likifanywa na mtu aliyelielewa hadi mwisho, tafuta picha za shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Mbunifu wake, Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hichohicho, aliinyanyua bati juu kabisa ya dari ya tofali za udongo, upepo ukapita katikati. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wabunifu majengo hakuna kubwa kuipita. Bati, nondo nyembamba na udongo, hakukuwa na kiyoyozi.

Kisha kuna jambo la mahali. Dodoma ina bahati ambayo Tanga haina: usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 15, na hata miezi ya joto usiku unapumua. Ukuta mzito unafaa sana hapo. Unapoa usiku, mchana unachelewa kupata moto, na ukiweka madirisha ya juu yenye nondo na wavu yanayoweza kuachwa wazi usiku, mtu anaingia ofisini asubuhi na kukuta ubaridi umehifadhiwa. Boma za Wajerumani zilizobaki mikoani, na kuta zake nene na veranda, zinafanya kazi hiyo hadi leo bila kumwomba mtu ruhusa. Ukiupeleka ukuta huohuo mzito Tanga au Lindi, usiku haupoi kiasi hicho, unyevu ni mwingi, na kinachomwokoa mtu ni upepo upitao chumbani kutoka dirisha hadi dirisha. Ndiyo maana ramani moja ya mfano kwa nchi nzima hunipa wasiwasi. Ramani ya mfano huokoa fedha ya usanifu, sikatai, lakini haijui iko wapi. Kazi ya mhandisi wa halmashauri ni kuiambia.

Ikiwa ramani yenu ina korido katikati na ofisi pande zote mbili, jaribu kuzungumza na waliowapa ofisi ziwe upande mmoja na kibaraza cha wazi upande wa pili. Mwanga na upepo vitapita pande zote mbili. Kama hilo limeshindikana, weka vidirisha vya juu kwenye kuta za korido na tofali za matundu kwenye ncha zake. Dodoma ina vumbi na upepo mwingi wa mashariki, kwa hiyo wavu na miti upande huo viingie kwenye hesabu mapema.

Maji. Mvua ya Dodoma ni karibu milimita 570 kwa mwaka, na inashuka kwa mkupuo mmoja, Desemba hadi Aprili. Paa la mita za mraba 600, ukitoa kinachopotea, linaweza kukupa zaidi ya lita 270,000. Usichangamke haraka. Huwezi kujenga tanki la kuyameza yote, na baada ya Mei hakuna cha kujaza. Watumishi themanini wakitumia lita 20 kila mmoja kwa vyoo na kunawa, ni lita 1,600 kwa siku, kwa hiyo tanki la chini la lita 50,000 linakubeba kama mwezi mmoja bila tone la mvua. Wakati wa masika litajaa na kutumika tena na tena, kiangazi litakuwa akiba ya siku ambazo bomba limekauka. Hiyo inatosha. Vyoo vya kumwaga maji kwa vitufe viwili, na bomba zinazojifunga zenyewe, vina faida mwaka mzima kuliko tanki.

Madiwani waliosema ni mambo ya Wazungu, wakumbushe soko la Kariakoo. Beda Amuli, Mtanzania, ndiye aliyelibuni, likafunguliwa 1975: yale mapaa ya zege yaliyokaa kama miavuli iliyogeuzwa yaliwekwa yatoe kivuli, yapitishe hewa, na yakusanye mvua kupeleka kwenye hifadhi chini ya soko. Ulikuwa mradi wa umma. Neno "jengo la kijani" lilikuwa bado halijafika hata kwenye semina.

Kwenye vifaa nitakuwa mfupi. Saruji inatengenezwa kwa kuchoma chokaa hadi karibu nyuzi 1,450, na hewa ukaa inatoka mara mbili, kwenye moto na kwenye jiwe lenyewe. Saruji peke yake inakadiriwa kutoa kama asilimia 8 ya hewa ukaa yote ya dunia inayotokana na shughuli za binadamu. Hatuwezi kuiacha, ila tunaimwaga ovyo. Andika wazi kwenye BOQ kwamba saruji ya daraja la nguvu 42.5 ni ya zege la nguzo, mihimili na jamvi, na ya 32.5 ni ya kujengea na kupiga lipu. Mafundi wengi hununua moja ya kila kazi ili wasihangaike. Tofali za kuchoma kwa kuni siziweki kwenye jengo la umma hata zikiwa nafuu. Tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, ambazo wakala wetu wa utafiti wa nyumba, NHBRA, ulizihangaikia miaka mingi, ni nzuri kwa kuta zisizobeba mzigo na kwa majengo ya chini. Lakini pimeni udongo kwanza. Ule mweusi wa mbuga haufai. Na zimwagiliwe zikiwa zimefunikwa, angalau wiki moja. Tofali nyingi zilizosingiziwa kuwa mbovu zilinyimwa maji.

Sasa zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, havikukatazi kutaka jengo bora. Vinataka useme unachotaka kabla, kwa namna inayopimika, bila kumbeba mtu. Ukiandika "jengo liwe rafiki kwa mazingira", umeandika shairi. Ukiandika rangi ya bati, unene wa tabaka la kuzuia joto, lita za choo kwa kila mmwago, wati za taa kwa mita ya mraba, mkandarasi ataweka bei na wewe utaweza kukagua. Usitaje chapa, taja uwezo wa kifaa.

Na kuna mtego mmoja ambao umewahi kuniangusha mimi mwenyewe. Vitu vya kijani huwekwa mwishoni mwa BOQ kama kiasi cha kukisia: "uvunaji wa maji, kiasi fulani", "mandhari, kiasi fulani". Bei ya nondo ikipanda, hicho ndicho kinachokatwa kwanza. Nilishawahi kukabidhi jengo lenye tanki kubwa la zege na hakuna gata hata moja. Tanki lile sasa wanahifadhia mbao. Kwa hiyo gata, bomba la kushushia maji, kichujio na tanki viingie kwenye vipimo vya paa, kwa mita na kwa bei, kama yalivyo mabati. Kipengele chenye vipimo hakikatwi bila mabadiliko ya kazi yaliyoandikwa, na mabadiliko yaliyoandikwa yana mtu wa kuyatetea.

Rwanda walifika hapo kwa njia ya kanuni: mwaka 2019 waliingiza masharti ya chini ya jengo la kijani kwenye kanuni zao za ujenzi, mwenye jengo asisubiri kupenda mwenyewe. Kenya nao wana kanuni mpya za ujenzi za 2024 zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Siku sisi tukifika huko, halmashauri zilizokwisha kuandika BOQ zake vizuri zitakuwa na kazi ndogo. Na tusidanganyane, faida kubwa haitatoka kwenye jengo moja la kung'aa. Fikiria yale madarasa 15,000 yangepigiwa vigingi kwa kutazama kaskazini. Miradi ya fosi akaunti, ambako taasisi hununua vifaa na kutumia mafundi yenyewe bila mkandarasi, haina mhandisi mshauri wa kila siku, kwa hiyo karatasi moja yenye mambo matano (mwelekeo, tokezo la paa, rangi ya bati, matundu ya hewa, gata) ikabidhiwe kamati ya ujenzi ya shule pamoja na ramani, na mwalimu mkuu aelezwe kila moja lina kazi gani.

Jengo likikamilika, tumieni kipindi cha matazamio, mkandarasi akiwa bado anawajibika kwa kasoro, kupima. Fungeni mita ndogo ya peke yake kwa viyoyozi vichache mtakavyokuwa navyo, mwandike uniti za LUKU kila mwisho wa mwezi, na kipimajoto cha bei nafuu kikae kwenye ofisi mbili, moja juu na moja chini. Miezi kumi na miwili ya namba hizo itakusaidia kwenye jengo linalofuata kuliko cheti. Na kama mkurugenzi bado atakitaka, utakuwa umeshamwandalia nusu ya ushahidi.

La leo ni hiyo ramani. Tazama mshale wake wa kaskazini. Kwenye ramani za mfano mshale huo mara nyingi huelekea juu ya karatasi kwa sababu ndivyo mchoraji alivyouweka, hakuna aliyefika kiwanjani. Kabla mpimaji hajapiga kigingi cha kwanza, nenda naye pale saa kumi na nusu jioni, msimame mahali itakapokuwa ofisi ya mkurugenzi. Mkimpata na mwenyewe aje asimame hapo robo saa, bila kofia, itakuwa vizuri zaidi.